Amerika Ilipopiga Mwano

Nilikuwa darasa la nne nilipoombwa kuisaidia Amerika.

Nasema hivyo bila kujisifu, maana tuliombwa watoto ishirini na wanane, na kati yetu hakuna aliyejua Amerika iko upande gani wa Shinyanga. Tuliijua kwa kitambaa. Merikani ndiyo iliyokuwa sare yetu, ndiyo iliyokuwa sanda ya wafu wetu, na ukitaka kumtukana mtu aliyechakaa ulimwambia amefuliwa kama merikani. Nchi inayovika watu tangu shuleni hadi kaburini, sisi tulidhani haina shida yoyote.

Nieleze kwanza hali yetu, ili msomaji ajue nilikuwa na nini cha kupoteza. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Didia, na shule yetu ya misheni ilikuwa na madarasa manne tu. Ukimaliza la nne ulifanya mtihani, na wachache waliochaguliwa walikwenda kulala shule za mbali. Ilikuwa miaka ya hamsini, na baba yangu alikuwa ameshatoa neno lake.

"Darasa la tano likiwa hapa, utasoma," alisema. "Likiwa mbali, utaolewa."

Hakuwa mkali. Alikuwa anataja tu njia mbili, kama mtu anayekuelekeza kisimani. Tena njia ya pili ilikuwa imeshafyekwa. Wazee wa ukoo mmoja wa jirani walikuwa wamekuja kwetu mara mbili kunywa pombe ya mtama, na mara zote mbili walinitazama nikipita na mtungi, jinsi mnunuzi anavyotazama mtamba mnadani, kwato kwanza.

Sasa asubuhi moja mwalimu wetu aliingia darasani ameshika bahasha. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, na alikuwa peke yake kwa madarasa yote manne. Alitusomea. Kuna mama mmoja wa Amerika, mkubwa wa mambo ya shule kwao. Huko kwao watu wanalalamika. Watoto hawapendi shule, wengine wanaacha kabla ya kumaliza, wazazi wananung'unika. Basi mama huyo anazunguka dunia kukusanya maoni ya wanafunzi: shule za Amerika ziboreshwe vipi? Atafika kwetu baada ya wiki mbili, pamoja na mmisionari anayesimamia shule yetu. Ametanguliza picha na karatasi ya maelezo ili tupate kufikiri.

"Na wanaotoa msaada kwa misheni yetu ni Waamerika," mwalimu aliongeza, akishusha sauti. "Na sisi tunahitaji darasa la tano. Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Mmeelewa nini?"

Hilo swali la pili halikuwa la kawaida.

Picha zilipita mkono kwa mkono. Ya kwanza ilionyesha jumba la shule, na mbele yake uwanja mpana wa majani mafupi, yamelingana kama kichwa kilichonyolewa.

"Mwalimu, ng'ombe wako wapi?" aliuliza jirani yangu wa dawati, kijana mrefu aliyekuwa amerudia la tatu mara mbili na kwa hiyo alikuwa mtu mzima kuliko sote.

"Hakuna ng'ombe."

"Nani sasa aliyekula majani?"

"Wanayakata kwa mashine."

"Halafu wanawapelekea ng'ombe?"

Mwalimu aliisoma tena ile karatasi. "Halafu wanayatupa," alisema.

Msichana mmoja nyuma aliguna, "Kumbe kweli wana shida."

Picha ya pili ilikuwa ya motokaa ndefu inayowachukua watoto majumbani na kuwapeleka shuleni. Tukauliza kama watoto hao wana miguu. Mwalimu akasema wanayo, tena yenye viatu. Ya tatu ilikuwa ya ukumbi ambamo watoto wanakula mchana, kila mmoja na sahani yake. Ya nne ilionyesha mtoto amenyoosha mkono, na maelezo yalisema anamwuliza mwalimu swali. Jirani yangu akaigeuza picha hiyo kutazama nyuma, aone kama mtoto amechapwa.

"Huko hawachapwi," mwalimu alisema.

"Wanajuaje sasa kwamba wamekosa?"

"Wewe unachapwa kila siku," nilimwambia, "umeshajua?"

"Nyamaza wewe, mtamba wa mnada."

Mwalimu aligonga meza. Kisha akachukua chaki, akageukia ubao.

"Mwalimu," aliuliza yule msichana wa nyuma, "maoni ni kitu gani?"

"Swali zuri," alisema mwalimu bila kugeuka. "Maoni ni yale ambayo wewe mwenyewe, kwa akili yako mwenyewe, umeyaona. Haya, nakilini."

Akaandika: *Sisi wanafunzi tunaona kwamba shule za Amerika ni nzuri sana na hazina kasoro. Tunaona kwamba zikizidi kuwa kama zilivyo zitakuwa bora zaidi. Tunaomba darasa la tano.*

Tukanakili. Mwalimu akapita akisahihisha maoni yetu, na waliokosea maoni yao walichapwa kimoja kimoja.

Jioni baba alikuwa akikamua. Alikuwa na desturi ya kuniuliza nimefundishwa nini, nami humsomea huku maziwa yakigonga kibuyu. Siku hiyo nilimweleza habari ya mama wa Amerika, kisha nikamsomea maoni. Mkono wake ukasimama.

"Amesema kwao watoto wanaacha shule?"

"Ndiyo, baba."

"Na amekuja mpaka hapa kuomba msaada?"

"Ndiyo."

"Huo ni mwano," alisema baba. "Na ninyi mnamjibu kwamba nyumba yake ni nzuri?"

Hapa inafaa nimweleze msomaji asiyetoka kwetu. Mwano ni ukelele wa hatari. Moto ukishika nyumba, fisi akiingia zizini, wezi wakichukua ng'ombe, mwenye shida hupiga mwano, na kila anayesikia huacha alilonalo akakimbia na chochote kilicho mkononi: jembe, mchi, mwiko wa ugali. Huulizi ni nani aliyepiga. Adui yako akipiga unakwenda, mtagombana baadaye. Anayesikia akajifanya hakusikia hutozwa ng'ombe, na akishupaa hutengwa: hapati hata kaa la moto kwa jirani. Na aliyesaidiwa leo, kesho akisikia wa mwenzake hana njia ya kubaki kitandani.

Baba alikuwa na sababu nyingine ya kuamini kwamba Amerika iko taabani. Ujana wake, katika miaka ya arobaini, alifanya kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita.

"Mwaka mzima yule bosi wetu Mzungu hakuniuliza lolote," aliniambia, "hata jina. Siku moja shimo likaanza kujaa maji. Akaja mbio, kofia hana, akasema: jamani, mnaonaje? Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba tunakufa."

"Mkamwambia nini?"

"Tukamwambia tutoke. Angekuwa na mwalimu wako pale, angeambiwa shimo lina maji mazuri sana, likizidi kujaa litakuwa bora zaidi."

Mama, aliyekuwa akitwanga, aliuliza kutoka upande wa pili wa ua, "Na wewe unataka mtoto amtukane mgeni?"

"Nataka asimdanganye mtu aliyepiga mwano." Akanigeukia. "Siku hiyo nitakuja kusikiliza. Ukisoma uongo huo, shule yenu na iishie hapo la nne. Uongo hata kwa mumeo unaweza kujifunza, tena bila ada."

Nilikwenda kulala nikiwa na hesabu isiyogawanyika. Nikisoma maoni ya mwalimu, baba ananiondoa. Nikisoma yangu, Waamerika wanakasirika, darasa la tano halijengwi, na baba vilevile ananioza. Nilimweleza mwalimu kesho yake, na naye, nimtendee haki, hakunichapa. Alikaa kwenye dawati langu, magoti yakamfikia kidevuni.

"Binti, unataka darasa la tano au unataka ukweli?"

"Nataka vyote, mwalimu."

Akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye njaa. "Mimi nimefundishwa ualimu miaka miwili," alisema, "na hilo halikuwamo."

Hakunikataza. Alisema tu kwamba atanipanga wa mwisho, kwa matumaini kwamba mgeni atakuwa amechoka.

Siku kumi na mbili zilizobaki nilizitumia kutazama zile picha. Kila jioni baada ya wenzangu kuondoka, mwalimu aliniachia bahasha nusu saa. Nilijifunza jambo ambalo nimewafundisha wanafunzi wangu miaka yote tangu hapo: picha ukiitazama mara ya kwanza unaona usichonacho wewe, na mara ya kumi ndipo unapomwona aliyemo. Mtoto wa ile motokaa ndefu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Mara tisa nilimwonea wivu. Mara ya kumi niliona kwamba amechoka, kama mimi.

Mgeni alifika Ijumaa. Alikuwa mama mnene, mwekundu kwa jua, mwenye kofia pana na tabasamu lisilokuwa na hila yoyote. Mmisionari alikaa kando yake kutafsiri. Kiswahili chake kilikuwa sahihi na chenye vumbi, kama kitu kilichotolewa stoo. Tulisimama tukamwamkia yule mama kwa Kiingereza chote tulichokuwa nacho: "Gudi moningi, sa!" Wazazi walijaa madirishani. Baba alikuwa dirisha la katikati, kofia mkononi.

Mwalimu akamwita wa kwanza. Akasoma kwamba shule za Amerika ni nzuri sana na hazina kasoro. Mmisionari akatafsiri yote, mama akaandika. Wa pili akasoma kwamba shule za Amerika ni nzuri sana na hazina kasoro. Mmisionari akatafsiri nusu. Kufikia wa sita alikuwa akitafsiri kwa neno moja, na kufikia wa kumi kwa kutikisa kichwa tu. Penseli ya mama ilikuwa imelala. Jirani yangu wa dawati alisahau mistari katikati, akajazia mwenyewe kwamba Mungu aibariki merikani na bei yake ipungue.

Nilipoitwa mimi, nilisimama nikaikunjua karatasi yangu. Karatasi ile mwalimu aliitunza, baadaye akanirudishia, ndiyo maana ninaweza kuinakili hapa.

*Mama mgeni, shikamoo. Baba yangu anasema umepiga mwano, nasi tumekuja. Nimetazama picha zenu siku kumi na mbili. Maoni yangu ni haya.*

*Majani ya shule yenu leteni ng'ombe wayale. Watoto wachunge kwa zamu. Mtoto anayechunga anajua hesabu, kwa sababu jioni akipungua mmoja ataulizwa yeye.*

*Motokaa iwabebe wagonjwa. Wengine watembee pamoja, kwa sababu sisi njiani ndiko tunakoelewa yale tuliyofundishwa.*

*Mmeandika kwamba mtoto anaruhusiwa kumwuliza mwalimu. Hilo msilibadilishe. Mmeandika kwamba hachapwi. Hilo pia msilibadilishe, ila msiseme hapa kwa sauti, mwalimu wetu atakosa la kufanya.*

*Mmeandika kwamba watoto hawapendi shule. Dawa yake tunayo. Wapeni madarasa manne tu, kisha fungeni mlango. Mtaona watakavyolilia la tano.*

*Ninyi mna madarasa kumi na mawili na mnawabembeleza watoto waingie. Mwano una sheria: aliyesaidiwa naye husaidia. Mimi nimeshamaliza kuwasaidia. Sasa napiga wangu. Mwano! Nataka darasa la tano. Nisipolipata nitaolewa.*

Lile neno nililipiga kweli, kwa sauti ile nyembamba inayopandishwa juu, jinsi linavyopigwa. Kuku walitimka nje. Mmisionari akafuta miwani, akamwinamia mama, akasema maneno matatu.

"Bwana," sauti ya baba ilitoka dirishani, ya upole kabisa, ikianza na salamu ya kwetu. "Mwangaluka. Mbona maneno ya mtoto ni marefu na yako mafupi?"

Watu wakaguna. Yule mama akauliza kuna nini. Mmisionari, ambaye hakuwa mtu mwongo, ila mtu mwoga, akaichukua karatasi yangu akaanza upya, mstari kwa mstari. Mama akaokota penseli. Kwenye ng'ombe alicheka. Kwenye mlango wa la nne hakucheka. Aliandika muda mrefu, halafu akanitazama, akasema jambo.

"Mama anashukuru," alitafsiri mmisionari. "Anasema maoni haya ni muhimu sana. Atayapeleka kwenye kamati."

Wakati huo sikujua kamati ni nini. Nimeshakaa katika nyingi tangu hapo, na naweza kueleza. Kamati ni watu wanaokaa chini ili jambo nalo lipate kukaa.

Motokaa ilipoondoka, mwalimu alibaki mbele ya ubao, akifuta maandishi ambayo yalikuwa yamekwisha kufutika. "Umelifunga," aliniambia, bila hasira. "Umelifunga darasa la tano kwa mikono yako."

Nilitazama dirisha la katikati. Baba hakuwapo. Nikajua amekwenda kuwapelekea wale wazee habari.

Kumbe alikuwa mlangoni. Alisimama akiizungusha kofia yake, uso umekunjamana kama mtu aliyekanyaga mwiba wa mti alioupanda mwenyewe.

"Mwalimu," alisema, "humu ndani umepigwa mwano."

"Mtoto amesema tu, mzee..."

"Umepigwa, nimeusikia. Wale nao wameusikia." Akaonyesha madirisha, ambako watu walikuwa wanaanza kuondoka polepole, kwa ule mwendo wa mtu anayetumaini kwamba hakuonekana. "Haya, rudini! Nani ana ng'ombe wa kutozwa?"

"Lakini mwano alimpigia yule mama," alilalamika mzee mmoja.

"Tangu lini mwano ukachagua masikio? Aliyesikia ndiye aliyeitwa. Yule mama yuko mbali, na mimi nilikuwa dirishani." Akanitazama kwa uchungu. "Ningejua, ningebaki na ng'ombe wangu."

Jumatatu walikuja na majembe. Waliponda udongo, wakafyatua matofali, wanawake wakachota maji, na ngoma ikapigwa kama wakati wa kulima. Mwalimu alijaribu kusimamia akiwa na kaptula yake ya pasi, wakamwimbia: *Mwalimu shika tope, chaki haijengi!* mpaka akashika. Walipofikia usawa wa dirisha, alikumbuka kwamba shule haiongezi darasa bila kibali. Akaandika barua kwa wakubwa wa elimu Shinyanga kuomba ruhusa ya kujenga. Jibu lilikuja kwamba ombi linafikiriwa, na kwamba kwa sasa tusianze. Wakati huo tulikuwa tunaezeka. Mmisionari alikuja kutukanya, akaliona paa, akakaa kivulini mwake, akanywa maziwa yetu, na mwisho akaenda mwenyewe Shinyanga kuwaeleza kwamba darasa limejitokeza.

Wale wazee wa ukoo wa jirani walikuja mara ya tatu wakamkuta baba ana matope mpaka magotini.

"Tumemfuata binti," walisema.

"Yuko darasani."

"Atamaliza lini?"

Baba alijifuta jasho. Nadhani ndipo alipotambua jinsi alivyoingia ndani ya jambo hili. "Sijui," alisema. "Amerika wana kumi na mawili."

Kibali kilifika tulipokuwa tumeshasoma la tano muhula mzima. Mwalimu alitufundisha kwa kitabu ambacho yeye mwenyewe alikuwa ametutangulia kurasa tatu. Nikamwuliza swali siku moja, mkono juu, kama yule mtoto wa picha. Alishika fimbo, akaitazama, akaiweka chini. "Sijui," alisema. "Tutafute." Kwangu hilo ndilo lililokuwa darasa la tano lenyewe.

Mwaka uliofuata kifurushi kilitoka Amerika. Tulikusanyika wote, wazazi pia, maana deni la mwano si rahisi kusahaulika. Ndani mlikuwa na barua ishirini na nane za watoto wa huko, kila moja na mwandiko wake mzuri. Mwalimu akatafsiri ya kwanza: *Tumefurahi kusikia habari zenu. Shule yenu ni nzuri sana na haina kasoro.* Akachukua ya pili. *Tumefurahi kusikia habari zenu. Shule yenu ni nzuri sana na haina kasoro.*

Akazipitia zote, moja moja, na kwa kila moja alizidi kutabasamu, kama mtu anayemkuta nduguye ugenini.

"Maskini," alisema baba. "Na huko nako wana ubao."

Moja tu ilikuwa na mstari wa ziada, chini kabisa, umebanwa ukingoni kwa penseli ili asionekane aliyeuandika: *Je, ni kweli mnachunga ng'ombe? Mimi ningependa. Shuleni kwetu hakuna la kufanya ila kukaa.*

Mwalimu akanipa hiyo nijibu. Ilikuwa barua yangu ya kwanza ya Kiingereza, na hakuandika lolote ubaoni. Nilikaa nayo mchana kutwa kwenye darasa la tano, mgongo kwenye ukuta ambao bado ulikuwa na alama ya kiganja cha baba, pale alipousawazisha bila mwiko. Maneno niliyokuwa nayo hayakutosha kueleza zizi, wala njia ya kwenda shuleni, wala mwano. Nikaandika niliyoyaweza: kwamba ni kweli, tunachunga, kwamba nimeusikia wito wake, na kwamba akija aje na jembe.